Natamani umeme ukatike tena

*Shikamoo mama.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Chanika, Dar es Salaam. Nauza vitenge Kariakoo, mume wangu ni fundi magari. Binti yetu yuko Kidato cha Pili, mdogo wake wa kiume ana miaka sita. Mama mkwe naye tunaye tangu mwaka jana. Alitoka Lushoto kuja kutibiwa macho.*

*Hivi karibuni transfoma ya mtaani kwetu iliungua, tukakaa siku nne bila umeme. Jioni ya kwanza kila mtu alinuna. Ya pili tukaweka taa ya kuchaji sebuleni, na kwa kuwa kwingine kote kulikuwa giza, wote tukakaa hapo. Mama mkwe akaanza vitendawili. "Popote niendapo ananifuata!" Mwanangu akapiga kelele "Kivuli!", akaruka kutuonyesha cha kwake ukutani. Halafu bibi akasimulia jinsi baba yao alivyokuwa akimwogopa jogoo wa jirani, mpaka akawa anabebwa mgongoni kupita pale. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini alicheka hadi machozi, akainuka akamwigiza yule jogoo. Tangu tuoane sijawahi kumwona vile.*

*Umeme uliporudi mtaa mzima ulishangilia. Muda si mrefu binti yuko chumbani, baba na simu yake, mdogo na katuni, bibi amebaki peke yake kwenye kochi.*

*Nikaweka utaratibu: Jumapili saa moja jioni simu zote kwenye kapu, TV imezimwa, tukae tuongee. Ilikuwa kama msibani. Mume wangu akaniuliza, "Kwani kuna tatizo gani?"*

*Mama, wiki iliyopita LUKU iliisha usiku, nikawadanganya kwamba nimelipia ila mtandao unasumbua, tokeni haiji. Sikuwa nimelipia. Tulikaa gizani na haikuwa kama zile siku. Binti alilia kwa sababu ya zoezi lake la hesabu, na asubuhi samaki kwenye friji wameharibika. Mume wangu mpaka leo analaumu kampuni ya simu. Naona aibu. Je, nina kasoro kutamani giza? Nifanye nini ile raha irudi? Masika yakiisha mama mkwe anarudi kwao.*

Marahaba, mwanangu.

Kasoro huna. Umeonja kitu kitamu ndani ya nyumba yako mwenyewe, na mtu aliyeonja hutamani tena. Barua yako nimeisoma nikafurahi, hasa hapo kwa jogoo. Lakini kabla ya kufika huko tuanze na hao samaki.

Mwambie mumeo ukweli. Mwambie wewe mwenyewe, mkiwa wawili, kabla hajaligundua kwenye ujumbe wa malipo, maana tokeni huja na tarehe na saa, na siku moja atauona. Usianze kwa kumlaumu kwamba anashinda kwenye simu. Sema: "Siku ile sikulipia umeme. Nilitaka tukae kama zile siku nne. Nimekosa, na samaki ni kosa langu." Atakasirika, ana haki. Lakini atasikia pia kitu ambacho sidhani umewahi kumwambia, kwamba mkewe alifurahi kumwona anacheka mpaka akafanya ujinga ili amwone tena. Hilo usilifiche, ndilo la maana zaidi kwenye maelezo yote. Na binti naye aombwe radhi, kwa ufupi tu. Kidato cha Pili wana mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka. Mwanga wa kusomea ni haki yake, haupaswi kuchezewa na mzazi hata kwa nia njema.

Maana giza lenyewe, mwanangu, si rafiki wa mtu. Sote tunaukumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzo wa 2024. Wenye saluni walifunga, mafundi wa kuchomelea walikaa na mikono mitupu, mama ntilie walimwaga vyakula. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulipoanza kuzalisha Februari 2024 tulimshukuru Mungu, na bwawa lile likiwa limejengwa kutoa megawati 2,115 ni neema kwa kila nyumba yenye mtoto anayesoma. Kwa hiyo usiliombe giza lirudi. Jiulize giza lilifanya nini.

Nami nasema lilifanya jambo moja tu: liliwaachia taa moja. Soma tena barua yako. Jioni ya kwanza giza lilikuwepo na mlinuna. Raha ilikuja ya pili, mlipoweka taa sebuleni. Na wiki iliyopita ulileta giza bila ile taa ya pamoja, kila mtu na kona yake na hasira zake, ndiyo maana haikufanana. Kilichowafungua midomo ni kuwa mahali pamoja bila kuitwa. Hakuna aliyeambiwa "njoo tufurahi". Mlikuwa pale kwa sababu ndipo palipoonekana.

Sasa linganisha na Jumapili yako. Kwetu sisi mtoto akiona simu zinakusanywa, TV imezimwa na mama amekaa wima kwenye kochi, anajua kuna kesi. Na mtu mzima anajua kuna kesi au mchango. Mumeo alipouliza kuna tatizo gani hakuwa anakudhihaki, aliuliza alichokiona. Mtu akikodolewa macho aongee, maneno humkauka. Futa hicho kikao wiki hii hii, na usitangaze kwamba umekifuta. Kiache tu kife.

Badala yake tafuta kazi ya mikono ambayo lazima ifanyike, uilete mahali penye mwanga ambapo watu hupita. Nimekulia Tanga, kwenye nyumba ya wanawake wengi, na sikumbuki hata mara moja tulipoitwa kuja kuzungumza. Tuliitwa kuchambua mchele. Ungo mkubwa ulikuwa katikati ya mkeka, kila mmoja anavuta punje upande wake, kidole kinatenga kijiwe huku, mpunga ambao haukukobolewa kule, na macho yakiwa chini hivyo mtu anasema jambo ambalo asingelisema akitazamwa usoni. Nilijua habari za ndoa ya mama yangu mdogo pale kwenye ungo, kabla ya wazee kuzijua.

Wewe kazi hizo unazo, ila umezitawanya. Mchele unachambua peke yako jikoni usiku ukiwa umechoka, nguo anakunja binti chumbani, maharage mabichi humenywa mchana watoto wakiwa shule. Zihamishe. Mkeka uende sebuleni au barazani kama mbu si wengi, na chakula cha kesho kiandaliwe hapo. Mpe bibi ungo hata kama macho yake hayajawa sawa; vidole vya mama wa Lushoto vinakijua kijiwe kwa kukigusa, na utakayoyapitia wewe baada yake ni machache. Mdogo mpe vitunguu saumu. Atamenya viwili kwa nusu saa na maganda yatajaa hadi kwenye nywele zake. Mwache. Miaka sita ni umri wa kutaka kazi ya watu wazima, na hautadumu.

TV usiizime. Najua hili litakushangaza. Ukiizima umerudisha kesi. Iache iendelee na wewe kaa chini na ungo wako, uongee na mama mkwe. Muulize kitu ambacho kweli hukijui: alimpataje mumeo, alijifungulia wapi, nani alimpa jina, yule jogoo aliishia wapi. Na hasa muulize habari za baba yao. Watoto huvutwa na hizo kuliko za sungura na fisi, kwa sababu mhusika yupo hapo anakula ugali, na hawaamini kwamba mtu yule aliwahi kulia kwa ajili ya kuku.

Jambo hili wataalamu nao wamelitazama. Marshall Duke na Robyn Fivush, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani, walitunga maswali 20 ya kuwauliza watoto juu ya familia zao: unajua wazazi wako walikutanaje, unajua babu na bibi walikulia wapi, unajua kisa cha kuzaliwa kwako. Waliona kwamba watoto waliojua mengi ya namna hiyo kwa jumla walijiamini zaidi na waliona maisha yao yako mikononi mwao. Duke mwenyewe alitahadharisha watu wasiwakaririshe watoto majibu. Alisema kinachofanya kazi ni zile nyakati ambazo habari hizo hupita, mezani, safarini, kwenye sikukuu, mtu mzima akiwa na muda na mtoto akiwa karibu. Kwa hiyo mama mkwe wako aliyeketi peke yake kwenye kochi ana kitu ambacho wajukuu wake wanakihitaji, na wewe hukukosea kukionea uchungu.

Kuhusu mumeo. Hukuandika anarudi saa ngapi, lakini kwa fundi wa magari na foleni ya kwenda Chanika, nadhani anakuta mmeshakula na chakula kiko kwenye hotipoti. Mtu anayekula peke yake huchukua simu, kwani amwangalie nani? Jaribu jambo dogo: akifika, mtu mmoja akae naye. Si lazima uwe wewe kila siku. Mtume mdogo ampelekee maji ya kunawa, ashike birika, amimine mwenyewe. Atamwaga nusu sakafuni na atauliza maswali ya magari mpaka baba yake aweke simu chini bila kuambiwa na mtu. Mwanaume asiye na maneno mengi mara nyingi hufunguka kwa mtoto kuliko kwa mkewe, hasa akiulizwa kitu anachokijua. Usiingilie wala usiwasahihishe. Endelea na shughuli zako upande wa pili na usikilize.

Binti mwachie nafasi yake. Ana miaka ya kutaka mlango ufungwe, na ana hesabu zake. Asiitwe. Akitoka kuja kunywa maji akakuta bibi yuko katikati ya kisa, atasimama na glasi mkononi. Labda atakaa, labda atarudi chumbani. Akirudi usiguse, wala usiseme "unaona sasa, njoo ukae na wenzio". Siku ya kusuka itamleta. Jumamosi akiwa amekaa chini katikati ya magoti yako na kichwa nusu kimesukwa hana pa kwenda, nawe huna, na mtaongea yenu. Kama unampeleka saluni, jaribu kumsuka wewe walau kila baada ya muda, hata mistari mitatu tu.

Kisha kuna jambo ambalo sisi wenye mapenzi mengi hulivuruga. Siku ile raha ikija, iache ipite bila kuitaja. Usiseme "mnaona ilivyo raha tukikaa hivi!" Usikimbilie simu kupiga picha. Wakishajua wanatazamwa wataanza kujitazama, na kesho mumeo akiinuka kuigiza jogoo ataona haya. Cheka nao, basi.

Na siku nyingi hakutatokea kitu. Mchele utachambuliwa, katuni itaisha, bibi atasinzia, mtu atagombana na mtu juu ya chaja. Hizo nazo ni jioni nzuri. Zile siku nne zenyewe zilikuwa na jioni ya kununa. Mshangao hauna ratiba. Wewe kazi yako ni kuhakikisha ukija unawakuta mko sebule moja.

La mwisho ni la haraka kuliko yote, mama mkwe na safari yake. Vitendawili na visa vyake visiondoke naye. Nunua daftari kubwa la kaunta, umkabidhi binti yako aandike. Mtoto anayependa mlango ufungwe mara nyingi anapenda kuandika, na hii ni kazi yenye heshima aliyopewa yeye peke yake. Vile vya Kisambaa aviandike kwa Kisambaa kama anavyosikia, baba yake amsaidie maneno, hapo utakuwa umewakutanisha hao wawili pia. Na mrekodi bibi kwa simu akiwa anasimulia, sauti tu inatosha. Lakini muombe ruhusa kwanza, umwambie nani atasikiliza, na asimulie akiwa na kazi mkononi kama alivyozoea. Kuna visa vya ujana wake atakavyotaka vibaki kwenu. Akisema hiki msikirekodi, zimeni simu hapo hapo mumsikilize. Mwisho wa masika hauko mbali, kwa hiyo anzeni Jumamosi hii, na la samaki uwe umeshalimaliza Ijumaa.