Usiiache kemia, mamangu

Malindi, Ijumaa baada ya swala

Mwanangu, mamangu,

Asalaam alaikum. Ujumbe wako wa sauti uliingia saa kumi alfajiri, huko kwenu Marekani bado ni saa moja jioni ya jana yake. Mamako aliamka kabla yangu akidhani kuna msiba, maana simu ya saa hizo huwa haina heri. Tulipousikiliza, kumbe ni kemia.

Umeniuliza: "Baba, niiache kemia muhula huu nishike tenisi, halafu niirudie likizo ya kiangazi?" Ukasema mtihani wa kwanza umepata 52. Ukasema maabara ni Alhamisi saa saba mpaka saa kumi, mazoezi saa nane mpaka saa kumi na moja, na kwamba umeshakosa maabara mbili kwa sababu yuko msichana namba saba anayeitamani nafasi yako ya namba tano kwenye timu. Swali lako nimekaa nalo siku nne. Sikutaka kukujibu kwa hasira za mtu aliyekatishwa usingizi.

Usiiache. Wala sijakwambia utupe raketi, ngoja kwanza.

Kile kijitabu cha sheria za wanamichezo ulichotutumia mwezi wa tisa nilikipeleka saiba kikachapishwa, na dada yako akanisomea akinifasiria mstari kwa mstari. Mamako akauliza kama nimeanza kusomea uwakili. Basi hesabu yangu ni hii. Muhula huu umeandikisha masomo yenye uzito wa yuniti 15. Kemia na maabara yake ni 4. Zitoe, unabaki na 11. Na mwanafunzi wa shahada ambaye hakufikisha yuniti 12 hahesabiwi kuwa mwanafunzi kamili, na kwa sheria za NCAA, wale wasimamizi wa michezo ya vyuo huko kwenu, asiye mwanafunzi kamili hachezi mechi, wala mazoezi na timu hafanyi. Siku utakayoiacha kemia ili ushike tenisi, tenisi nayo imekuponyoka. Viza yako ya mwanafunzi, F-1, nayo inadai hizo hizo 12, na kushuka chini yake bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni ni kujitafutia balaa.

Bado sijamaliza. Muhula uliopita ulifaulu yuniti 12. Kumi na mbili na kumi na moja ni 23, na Division I, daraja la juu la hao NCAA mnalochezea, wanataka 24 kabla hujaanza mwaka wa pili. Umepungukiwa na moja tu! Hiyo moja utainunua kiangazi, na mwenyewe ulitwambia ufadhili wako haulipi masomo ya likizo. Hapa nyumbani cha kuuza ni ile baiskeli yangu, nayo haina breki.

Kuna ukurasa mwingine nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Darasa halikoswi kwa ajili ya mazoezi. Mkisafiri kwenda kucheza ugenini, hapo sawa, umeruhusiwa. Mazoezi ya Alhamisi hapo hapo chuoni, hapana. Kwa hiyo zile maabara mbili si kocha aliyekunyang'anya. Umezitoa mwenyewe kwa hofu, na kocha huenda hata habari hana. Mwendee Jumatatu kabla ya mazoezi, na usiende na machozi, nenda na ratiba yako imeandikwa kwenye karatasi. Mwambie Alhamisi nitaingia uwanjani saa kumi nikitoka maabara, saa moja ya mwisho nicheze na timu, na kinachobaki nitakifidia asubuhi mapema nikipata wa kunirushia mipira. Abiria wa jahazi akisema mapema kwamba anashuka Kipini, nahodha humpangia. Wewe unataka kupiga kelele Kipini imeshapita.

Na namba saba mwache atamani. Wanaocheza mmoja mmoja ni sita, sawa, lakini hata akikutoa humo, pointi ya wawili wawili nayo ni moja kati ya saba za mechi ya timu, na timu inayotangulia kufika nne ndiyo mshindi. Mkono wako wa wavuni ni mzuri kuliko wa kuanzisha mpira. Hilo nakuambia tangu una miaka tisa na hulitaki.

Kuhusu saa: msimu wenu umewekewa saa 20 kwa wiki, zisizidi 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Lakini siku ya mechi inahesabiwa saa 3 hata mkicheza mpaka jua linazama, na safari ya basi haihesabiwi hata dakika. Mizani ya mwenye duka hiyo! Ndiyo maana unachoka kuliko karatasi inavyosema, si kwamba wewe mvivu. Sasa hilo basi lifanye lako. Najua kusoma garini kunakuchefua tangu ile safari ya Mokowe uliyomtapikia shangazi yako. Basi jisomee maelezo ya kemia kwa sauti kwenye simu usiku wa kuamkia safari, njiani ufumbe macho usikilize. Na mwaka ujao, masomo yenye maabara yapange vuli, kukiwa na mashindano ya wachezaji binafsi tu, si ya timu. Hizi mechi za timu kwa timu zinaanza Januari hadi Mei, na wewe ukaibandika kemia hapo hapo katikati.

Nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukusimulia vizuri. Unajua niliacha shule, hujui nilivyoiacha. Nilikuwa kidato cha tatu. Kaskazi ilikuwa imeshika, Wataliano wamejaa hotelini, nami naokota mipira asubuhi mpaka jioni, mifuko ya kaptura imejaa bakshishi. Shule zilipofunguliwa Januari nikamwambia babu yako nitarudi Pasaka, wageni wakipungua. Sikumdanganya, nilikuwa nakusudia kweli. Kusi ikaingia, hoteli ikafunga, nikaenda shule na daftari jipya. Ubaoni kulikuwa na hesabu ambazo hata kichwa cha somo sikukielewa. Nilikaa siku tatu. Siku ya nne nikatoka nyumbani na sare yangu, nikapita njia ya pwani. Bahari ilikuwa nyekundu kwa matope ya Sabaki. Nikakaa pale mpaka saa ya wenzangu kutoka, ndipo nikarudi nyumbani. Kwa hiyo uliposema "niirudie kiangazi", mimi nilisikia "Pasaka".

Uwanja ule wa tenisi wa hoteli nimeumwagilia na kuuviringisha miaka 31. Unaukumbuka alfajiri, udongo umelowa, mimi navuta rola na wewe uko juu ya kiti cha refa unaandika hesabu kwa tochi, miguu inaning'inia. Sharti lilikuwa lako, si langu: kurasa mbili kwanza, ndipo ukutani na raketi aliyoiacha mgeni, ile yenye nyuzi mbili zilizokatika ukaziunga kwa mshipi wa kuvulia. Mpira ukigonga pale penye mshipi ulikuwa unakwenda ovyo. Ulikuwa unacheka peke yako.

Utaniambia Angella Okutoyi, yule Mkenya wa tenisi. Haya, tumtazame. Mwaka 2022 alichukua ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kulifikia jambo hilo kwa vijana. Mtu angedhani baada ya hapo vitabu vimekwisha. Akaenda Auburn, chuo kikuu cha huko Alabama, Marekani, na mwaka 2024 akatwaa dhahabu ya mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika kule Accra. Simsemi ili ufanane naye, kila mtu na mguu wake. Nasema tu kwamba naye alikaa darasani.

Maabara ulizokosa, muulize mwalimu kama zinafidiwa. Ukiambiwa hapana, meza mate uendelee. Na kama kuna mtu wa kuwafundisha pembeni bila malipo nyinyi wachezaji, kaa naye, acha haya. Wewe tangu utotoni ukikosea unajificha chooni.

Ramadhani ikikukuta safarini, msafiri ana ruhusa ya kula akalipa siku nyingine. Mamako ameniamuru niandike hivyo. Ameniamuru pia niulize kama ile pilipili ya ndimu ilifika, maana chupa aliifunga vibaya.

Alhamisi ukitoka maabara nipigie. Hapa itakuwa saa saba za usiku, lakini simu nitaiweka chini ya mto.

Ni mimi babako