Mzee kutosikia vizuri na kupoteza kumbukumbu

Dada, umeuliza kama baba yako kutosikia vizuri kunahusiana na kupoteza kumbukumbu. Uhusiano upo, lakini masikio ya baba kupungua hakumaanishi akili yake lazima itapotea. Mwaka 2024 tume ya jarida la tiba la Lancet iliweka upungufu wa kusikia kati ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni na ambayo yanaweza kurekebishwa. Sababu moja inayotolewa: ubongo unachoka kukisia maneno yaliyofika nusunusu, nguvu ya kuyashika inapungua.

Mimi ni muuguzi hapa Bukavu, nayaona haya mara nyingi. Mzee anaulizwa tarehe, anajibu jina la kijiji, familia inasema amechanganyikiwa. Ukikaa mbele yake akuone midomo, ukasema polepole, anajibu barabara.

Vifaa vya kusikia navyo si dawa ya wote. Utafiti wa Marekani wa 2023, kwa watu wa miaka 70 hadi 84, haukuona tofauti ya akili kwa jumla kati ya waliopewa vifaa na wasiopewa, baada ya miaka 3. Ila kwa waliokuwa na hatari kubwa, kushuka kwa akili kulipungua karibu nusu.

Mpelekeni kwanza aangaliwe kama masikio yamezibwa na nta. Na tafadhali, msimtie kijiti sikioni.