Kwa nini 47 + 38 iwe 715?

SWALI: Habari za kazi, walimu. Mwanangu yuko darasa la pili. Namba anazisoma vizuri, lakini ukimpa 47 + 38 anaandika 715 na haoni tatizo. Nikimwambia "moja weka juu", leo anaweka, kesho kasahau. Nimsaidieje?
Mama, Ujiji, Kigoma

JIBU: Kujumlisha anajua, mama. 7 + 8 ni 15, na 4 + 3 ni 7. Asichojua ni kwamba kila nafasi hukaa tarakimu moja tu, na mwisho wake ni 9. Ameibana 15 nzima kwenye mamoja, ndipo 7 ya makumi ikasukumwa hadi kwenye mamia.

Hiyo "moja weka juu" iacheni kwanza. Moja gani? Ile ni kumi, na mtoto asiyelijua hilo ataisahau kila siku.

Tafuta njiti 85 za fagio la mchikichi na mipira 8 ya kufungia. Afunge mwenyewe kumi kumi: 47 ni mafungu 4 na njiti 7, 38 ni mafungu 3 na njiti 8. Aanze kukusanya njiti zisizofungwa. Ziko 15, zinatosha fungu jingine, basi afunge 10 kwa mpira wa nane na kulihamishia kwenye mafungu. Zimebaki njiti 5. Hapo hapo, kabla hajagusa mafungu, aandike 5 chini ya mamoja na 1 ndogo juu ya makumi; kisha 1 + 4 + 3 = 8. Msisubiri kuandika mpaka njiti ziishe, maana ataona njiti ni mchezo na daftari ni kitu kingine.

Akikosa, lisome jibu lenyewe kabla ya kumsahihisha. Akipata 75, ameisahau ile 1. Akipata 121, ameandika 1 chini akapeleka 5 juu. Huyo mrudishe kwenye njiti, umuulize fungu liko wapi. Na 47 + 5 ikiwa 97, ameipanga 5 chini ya 4. Mpe daftari la miraba, tarakimu moja kila mraba.

Akishazoea, mchanganyie na zisizohitaji kufunga, kama 52 + 34. Akiandika 96 badala ya 86, basi anaiweka 1 juu kwa mazoea, bila kuangalia kama mamoja yamefika kumi.