Usimuulize Kilichompata: Kwa Anayeanza Kazi Katika Bustani ya Tiba Mtaani

Kila muhula bustani yetu, hapa mashariki mwa Nairobi, hupokea wanafunzi wa saikolojia na ustawi wa jamii wanaokuja kwa mafunzo ya nyanjani, na kila muhula swali la kwanza ni lile lile: vikao vya ushauri vinaanza saa ngapi? Havianzi. Saa tatu asubuhi tunafungua lango, tunatia maji, tunapalilia, tunachuma. Saa tano na nusu tunanawa mikono na kunywa chai. Daftari lako la maswali liache stoo.

Wanaokuja hapa ni akina mama waliokimbia vipigo nyumbani, vijana waliozika marafiki waliopigwa risasi, na familia ambazo mafuriko ya Aprili 2024 yalizisombea vyombo, kisha matingatinga yakaja kubomoa kilichobaki kando ya mto. Wengi wao wameshasimulia. Wamesimulia polisi, kwa chifu, hospitalini, na kwa watu wa mashirika wenye fomu za kurasa sita, na kila mahali wakaambiwa wasubiri. Ndiyo maana hapa hatumuulizi mtu kilichompata. Akitaka kusema atasema, na mara nyingi atasema akiwa ameinama, macho kwenye majani, kana kwamba anazungumza na gunia la mboga. Wewe endelea kupalilia. Ukisimamisha mikono ukamgeukia na uso wa huruma, hutasikia neno la pili.

Siku yako ya kwanza tutakupa gunia tupu na mtu usiyemjua. Uwanja huu ulikuwa jaa la takataka, na udongo wa jaa haufai kwa mboga za majani, kwa sababu madini ya risasi na mengine mazito hukaa humo miaka na miaka. Maji ya mto nayo ni ya maji taka, usiyaguse. Kwa hivyo udongo mwekundu tunaununua kwa lori na kuuchanganya na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. (Ukiipapasa ukaona bado ina joto, iache. Samadi mbichi huunguza miche.) Mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia unatolewa kitako, unasimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto. Mmoja anaushikilia wima, mwingine anamwaga udongo kuuzunguka. Mkebe unavutwa juu taratibu, kokoto zinabaki, unajazwa tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae na nguzo ya mawe isimame katikati ili kupitisha maji hadi chini. Kisha mnatoboa matundu ubavuni, kwa mistari inayopishana, na kupachika miche.

Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Mkono ukilegea, nguzo inapinda na gunia zima linaegemea upande. Basi watu wawili wasiojuana wanalazimika kusemezana: shika, ngoja, ongeza, basi. Kwa mama aliyekaa mwezi mzima chumbani akizungumza na watoto wake tu, maneno hayo manne si haba. Tena hakuna anayemkodolea mwenzake macho, maana wote wawili wanautazama mkebe. Nimekaa kwenye warsha nyingi za kurushiana mpira na kujitambulisha kwa jina la mnyama umpendaye, na sijaona lililovunja ukimya kama mkebe ule. Gunia likifika kiunoni, hata shosho mwenye magoti mabovu anachuma bila kuinama.

Panda terere (mchicha) kwanza. Mtaalamu wa kilimo atakuletea mpango mzuri wa maparachichi, msikilize, umshukuru, halafu mpango uuweke kando. Mtu anayelala na viatu miguuni kwa kuogopa mlango kuvunjwa usiku hawezi kuambiwa asubiri tunda la miaka mitatu. Terere anaimwaga mbegu leo na baada ya wiki tatu au nne ipo sufuriani. Ikifuata kunde na managu (mnavu), ameshaona kwamba alichokianza kinafika mwisho. Sukuma wiki ndiyo ya kumshikilia mtu kwa muda mrefu, maana ukichuma majani ya chini na kuacha kilele inaendelea kutoa kwa miezi, na mwenyewe atarudi tu kuangalia kama imepata chawa. Miti ya matunda tulipanda pia, lakini wanakikundi walipoidai wenyewe. Kudai kitu cha miaka ijayo ni ishara njema kuliko alama nyingi za kwenye fomu.

Mpangilio wa uwanja nao utazame kwa jicho la mwenye hofu. Lango lionekane kutoka kila pembe. Mabenchi yaegemee ukuta, asiwepo anayekaa watu wakipita mgongoni mwake. Njia ziwe pana kiasi cha watu wawili kupishana bila kugusana. Mapanga hufungiwa stoo na hutoka kwa kazi maalumu tu, kwa sababu mtaa huu una watu waliokatwa kwa panga mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi, na wengine waliona wenzao wakikatwa. Kwa sababu hiyo hiyo hatuchomi magugu. Moshi wa majani unakuja na nyumba zilizoungua. Magugu yote yanaenda kwenye shimo la mboji, hata siku ambazo kuyachoma kungekuwa rahisi zaidi. Na unapomkaribia mtu aliyeinama, piga hodi, ijapokuwa hakuna mlango. Piga ukiwa mbali, ungoje aitike karibu.

Ipo siku bodaboda itapasua ekzosi nje ya ukuta, mlio kama wa bunduki, na nusu ya watu watakuwa chini kabla hujaelewa kilichotokea. Usimkimbilie mtu na kumkumbatia. Usimwambie atulie. Sema kwa sauti ya kawaida kitu kilichotokea: "Hiyo ni boda. Ni ekzosi. Tuko bustanini, ni Alhamisi." Kisha mpe kazi ndogo ya macho na mikono. Mimi huomba nitafutiwe majani matano yenye matundu ya wadudu. Nimemwona kijana mrefu, mikono ikimtetemeka, akigeuza jani baada ya jani la sukuma, akihesabu kwa kunong'ona, na alipofika la tano akasema, "Hii mnafaa mpige dawa." Pumzi ilikuwa imerudi mahali pake. Tukazungumza kuhusu majivu na maji ya pilipili kwa muda mrefu, na habari ya mlio haikutajwa.

Jina nalo ni muhimu. Kwenye ripoti tunaandika bustani ya tiba, lakini hapa mtaani ni bustani tu. Hospitali ya Mathari, ya wagonjwa wa akili hapa Nairobi, ilifunguliwa 1910, na zaidi ya karne moja baadaye jina lake bado ni tusi kwenye vinywa vya watu. Mwambie mama kwamba anakuja kutibiwa akili na jirani zake watamaliza kazi. Haimaanishi kwamba tunawadanganya. Kila anayejiunga anaelezwa kwamba kazi hii imepangwa kwa ajili ya watu waliopitia mambo mazito, na kwamba yupo mshauri nasaha anayekuja siku maalumu kwa anayemtaka. Tunachokwepa ni kibandiko.

Wazo lenyewe si geni barani kwetu, na usikubali kuambiwa limeletwa na wafadhili. Mwaka 1954, kule Aro, karibu na Abeokuta, daktari wa akili Mnaijeria Thomas Adeoye Lambo aliwapangia wagonjwa makao vijijini pamoja na jamaa zao badala ya kuwalaza wodini. Walipata matibabu, walilima, waliishi na watu. Tanzania nako, hospitali ya Lutindi katika milima ya Usambara, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mapema karne ya 20, kazi za mikono na za shamba ni sehemu ya siku ya mgonjwa. Lakini historia hiyo ina upande wake mbaya, na uujue: katika hospitali nyingi za zama za ukoloni mgonjwa alilimishwa kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kukataa, na mavuno hakuyaona. Jembe ni lile lile. Hapa mtu akija akakaa kwenye benchi asubuhi nzima bila kushika chochote, amehudhuria. Mpe chai.

Mama mmoja alifanya hivyo kwa wiki kadhaa. Alichagua benchi la karibu na lango, mkoba mapajani, na kila alipoondoka aliokota majani makavu yaliyokuwa miguuni pake na kuyatia kwenye mboji. Mwanafunzi wetu mmoja aliumia sana moyoni, akaona tumemtelekeza mama huyo. Siku moja yule mama akasimama, akaenda kwenye gunia la managu, akasema bei tunayomuuzia mama mboga ni ya chini mno na kwamba yeye alifanya biashara hiyo miaka mingi sokoni. Sasa ndiye anayesimamia mauzo.

Na mauzo, ndugu yangu, ndipo utakapoona moto. Ugomvi mkubwa kabisa niliowahi kuusuluhisha hapa haukutokana na kiwewe, ulitokana na sukuma wiki. Nani alichuma jana, nani alichuma mengi, pesa za maji zimeenda wapi. Watu walionyang'anywa vitu maishani hawavumilii hesabu ya kizani, na wana haki. Weka kanuni kabla ya mavuno ya kwanza, ziandikwe na wenyewe, zisomwe kwa sauti kama kwenye chama chochote: mboga ya nyumbani kwanza, ya kuuza baadaye, pesa zinunue maji, kinachobaki kigawanywe mbele ya wote. Kitabu cha hesabu kikae mahali ambapo kila mtu anaweza kukifungua. Na mwizi akija usiku akachuma gunia zima, jambo ambalo litatokea, usiharakishe kuleta miche mipya ili watu wasihuzunike. Waache wakasirike kwanza. Wengi hawajawahi kuruhusiwa kukasirika mbele ya watu bila kupigwa.

Wageni wenye simu ni tatizo la kila mwezi. Hakuna picha za nyuso, hata mgeni akiwa mkubwa kiasi gani, hata kama aliyepigwa picha amekubali kwa tabasamu. Mume aliyekimbiwa huenda anamtafuta mkewe, na picha moja yenye ukuta wetu kwa nyuma inatosha kumwelekeza. Mgeni tunampa ndoo. Asiyetaka kubeba maji anasalimiwa na kusindikizwa.

Sasa, nimekwambia usiulize. Lipo swali moja ambalo unalazimika kuuliza. Ukimwona mtu anaanza kugawa vitu vyake, anaaga visivyo kawaida, au anasema watoto wake wangekuwa salama zaidi bila yeye, mtoe pembeni umuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, humpa nafasi ya kulitua. Huku kwetu watu waliogopa kujibu hata walipoulizwa, kwa sababu kifungu cha 226 cha Sheria ya Makosa ya Jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Lijue hilo na uweze kumwambia mtu kwa uhakika. Akijibu ndiyo, usibaki naye peke yako na usimwache peke yake: mwite mratibu, na mnakwenda naye hospitalini kwa miguu yenu.

Kwa wale ambao bustani haiwatoshi, na wapo, tafuta msaada wenye utaratibu. Si lazima uwe wa daktari bingwa. Utafiti uliochapishwa 2017 ulifuatilia wanawake 421 wa Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Waliopata vikao vitano vya mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kukabili matatizo, vikiendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa, dhiki yao ilipungua kuliko ya waliopata huduma za kawaida. Wahudumu hao hawakuwa na shahada za saikolojia. Walikuwa na mafunzo, msimamizi, na kikomo walichokijua. Nawe vitafute hivyo vitatu kabla ya kujiona mwokozi wa mtu.

Jambo la mwisho ni kuondoka kwako. Mafunzo yako yana tarehe ya kuisha, na watu hawa wameachwa na wengi bila kuagwa. Tarehe hiyo iandike ubaoni siku ile ile unayofika, uitaje tena nusu ya muda ikifika. Usiahidi kurudi kutembea kama hujui. Katika wiki mbili za mwisho mtafutie kila gunia ulilokuwa ukilitunza mtu wa kulichukua, achague mwenyewe, umwonyeshe mahali linapovuja. Ufunguo wa stoo unaukabidhi kwa watu wawili, asubuhi, kila mtu akiona, na jina la kila mmoja linaingia kwenye kitabu kando ya deni la mitungi ya maji.