Mume akichelewa kupokea simu, akili inakimbilia ajali

Pole sana dada. Unasema mumeo asipopokea simu tayari umeshamwona amepata ajali, moyo unadunda, usingizi unapaa. Hapo akili imeruka kutoka "hapokei" hadi "amekufa" bila kupita katikati. Chukua daftari, liandike wazo hilo neno kwa neno, kisha jiulize: nina ushahidi gani? Huenda chaji imeisha, au yuko kwenye daladala lenye kelele. Daktari Aaron Beck wa Marekani alianza kuwafundisha wagonjwa kupima mawazo hivi miaka ya 1960. Na usipige mfululizo, tafadhali. Nafuu yake ni ya muda mfupi, kisha hofu inarudi na nguvu. Ukiona huli wala hulali, usisubiri: nenda hospitali ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili.