Waja leo, waondoka leo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: wakubwa wa makampuni na wafanyakazi wao wanaokwenda kwa waliokumbwa na maafa, wanasaidia kweli au wanakwenda kupiga picha? Ningejibu "picha" nikaendelea na kahawa yangu. Lakini fulana hiyo nimewahi kuivaa mimi mwenyewe, basi nivumilieni.

Ilikuwa masika. Mto Zigi ulifurika, nyumba ya mama yangu huko Amboni ikaingia maji mpaka madirishani. Mimi nakaa Ngamiani, wakati huo karani wa stoo kwenye kampuni moja hapa mjini Tanga. Ijumaa likabandikwa tangazo: kesho wote tunakwenda kuwashika mkono wahanga, na kila mmoja atakatwa mshahara wa siku moja. Hatukuulizwa. Jumamosi nikapanda basi, fulana nyeupe yenye nembo kifuani, kwenda kuwagawia msaada majirani walionilea.

Watu walikuwa foleni tangu saa mbili. Mkurugenzi alifika saa sita kasoro, na gambuti zake mpya. Ikasomwa risala. Ukatolewa mfano wa hundi, mkubwa kama mlango, na mwenyekiti wa mtaa akaambiwa asimame kulia, kisha kushoto, eti jua linapiga vibaya. Kila kaya unga kilo 10, ndoo moja, godoro moja. Ikafika zamu ya mama. Mimi ndiye niliyeshika godoro lake. Akaitazama ile fulana, akanitazama usoni. Mpiga picha akasema, "Mama, cheka kidogo." Mama akacheka kwa adabu zake, kisha akaninong'oneza: "Jioni urudi na chepe, mwanangu. Godoro hili nitalilaza wapi?"

Kweli, angelilaza wapi? Sakafuni tope lilifika kwenye vifundo vya miguu. Magodoro mengi yalinyonya maji usiku ule ule, na baada ya siku chache mtaa mzima ulinuka uvundo. Kisima cha nyumba kama kumi kilikuwa kimeingiliwa na maji ya vyooni, na hatukwenda na klorini wala pampu. Saa nane basi likageuza. Ndiyo Tanga yetu, waja leo waondoka leo.

Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilipoifunika Katesh, niliona fulana za aina ile kwenye runinga nikaizima.

Sasa kuna jambo ambalo huwa silisimulii, maana linaniharibia hasira. Jumanne iliyofuata, mkuu wetu wa karakana alifika Amboni na pikapu yake, mafundi wawili, na pampu ya kiwandani. Aliomba ruhusa kwa nani, sikuuliza. Walikivuta kile kisima mpaka kikakauka, wakangoja kijae, wakakivuta tena, kisha wakatia klorini kama walivyoelekezwa na bwana afya. Mzee mwenyewe alishika chepe. Hakujua hata kulishika; kufika adhuhuri viganja vimetoka malengelenge. Mama akampa mihogo na chai ya rangi, wakakaa wanalalamikia bei ya nazi.

Je, huyo hakuwa kampuni? Pampu ilikuwa ya kampuni, na siku ile alilipwa na kampuni.

Basi nilianza nikitaka kuandika wasije, na sasa naandika waje. Hata mkurugenzi aje, hata na mpiga picha wake kama hawezi kutembea bila yeye. Ila waje Jumanne, na kabla ya kununua magodoro wapige simu mtaani waulize. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya chini, na hazikuwekwa kwa ajili ya kushika hundi. Kwa janga kama la Hanang huenda nasema ovyo. Penye kufukuliwa miili, karani wa stoo mwenye fulana ataziba njia tu.

Unga ule tuliula, sikatai. Mshahara wangu wa siku moja bado naudai. Ndoo ipo kwa mama mpaka leo, nembo imeshafutika, na jina la kampuni yenyewe mama halikumbuki. Anayemuulizia kila Idi ni "yule baba wa pampu."