Maswali na Majibu: Kilo, Debe na Ekari Ndani ya Programu

Safari hii nimekusanya maswali ya vipimo. Ni mengi, na mengine yanagusa fedha za watu, kwa hiyo nimeanza na hilo.

Shikamoo mwalimu. Naandika programu ya chama chetu cha msingi cha kahawa, Kibosho. Bei ya soko la kahawa la New York inakuja kwa senti za Marekani kwa ratili, mnada wa Moshi unataja dola kwa kilo 50, na takwimu za dunia zinahesabu magunia ya kilo 60. Mahesabu yanagongana. Nianzie wapi?

Marahaba. Chagua kipimo kimoja cha ndani, kilo na dola kwa kilo, kisha usiruhusu kingine chochote kivuke mlango. Namba ya New York igeuzwe inapoingia, ya mnada vilevile, na unapotaka kuonyesha bei ya kilo 50 uigeuze inapotoka. Katikati pasiwepo kuzidisha wala kugawanya kwa ajili ya vipimo.

Ratili moja ni kilo 0.45359237 kamili, kwa makubaliano ya mwaka 1959. Kwa hiyo senti 200 kwa ratili ni takriban dola 4.41 kwa kilo, yaani dola 220.46 kwa kilo 50, au 264.55 kwa gunia la kilo 60. Zitazame namba hizo mbili za mwisho. Zote zinafanana na bei ya kweli. Ukizichanganya programu haitalalamika, na mkulima ndiye atakayeumia. Andika basi kipimo kwenye jina lenyewe: `bei_dola_kwa_kg`, si `bei` tu.

NASA walipoteza chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter Septemba 1999 kwa kosa la aina hii. Programu moja ilitoa msukumo kwa ratili-sekunde (ratili hapa ni kipimo cha nguvu, si cha uzito wa mzigo), nyingine ikasoma namba hizo kama niutoni-sekunde, kipimo cha metriki. Tofauti ni zaidi ya mara nne.

Kuna lugha ya programu inayokagua vipimo yenyewe, au ni nidhamu ya mwandishi tu? (Mwanafunzi, Tengeru)

Ipo. F# ina vipimo ndani ya lugha yenyewe, kazi iliyotokana na utafiti wa Andrew Kennedy. Unaandika `60.0<kg>`, na ukijaribu kujumlisha kilo na mita kompaila, yaani kitafsiri cha msimbo, inakataa kabla programu haijaendeshwa. Ukigawanya dola kwa kilo, inajua jibu ni dola kwa kilo. Vipimo hivyo hufutwa baada ya ukaguzi, hivyo havipunguzi kasi, lakini pia programu ikishaanza kukimbia namba haikumbuki tena ilikuwa ya nini.

Kwa lugha ya Python ipo maktaba ya msimbo iitwayo Pint. Yenyewe hubeba namba na kipimo chake pamoja wakati programu inaendeshwa, na hugeuza ukiiomba. Ni nzito kidogo kwa mamilioni ya namba, ila kwa daftari la chama sioni sababu ya kuiogopa.

Debe la mahindi niliandike kilo ngapi? Nataka namba moja kwa mazao yote. (Mbuyuni, Moshi)

Usifanye hivyo, nakusihi. Debe ni ujazo, kama lita 20, na kilo ni uzito. Kati yao lazima upite kwenye zao lenyewe: debe la mahindi makavu, la mpunga na la alizeti hayalingani, na hata mahindi yaleyale hubadilika uzito kwa unyevu. Fanksheni yako ikidai `debe_kwenda_kg(10)` bila kuuliza zao, imekosewa tangu jina.

Gunia lina tabu zaidi, maana si ujazo wala uzito, ni chombo. Lumbesa imepigwa marufuku kwa sababu hiyohiyo: jina linabaki gunia moja huku mzigo umeongezeka. Hifadhi alichopima mtu kwa kweli, "magunia 8, mahindi", na kando yake uzito wa mizani kama alipima. Kama hakupima, acha pawe wazi. Kilo ya kukisia ikishaingia kwenye kanzidata hakuna atakayeitofautisha na ya mizani.

Programu yangu ya viwanja inasema shamba la 70 kwa 70 si ekari moja. Wazee wa Ngaramtoni wanasema ni ekari.

Wazee wanahesabu hatua, wewe umeingiza mita. Hatua ndefu inakaribia yadi, na yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900. Ekari ni 4,840. Wako karibu sana. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni takriban 4,047, kwa hiyo umezidisha kwa asilimia 21. Weka sehemu ya kuchagua hatua au mita, na uonyeshe matokeo kama makadirio iwapo ni hatua. Hekta, ambayo ni mita za mraba 10,000, iwe na sehemu yake tofauti.

Kitalu nyumba changu Usa River joto lake lilipanda kwa nyuzi 5 za selsiasi, ripoti ya Farenhaiti ikasema limepanda 41.

Umegeuza tofauti kana kwamba ni halijoto. Halijoto ya selsiasi 5 ni farenhaiti 41. Ongezeko la selsiasi 5 ni farenhaiti 9, bila kujumlisha 32. Pint hutenganisha mambo haya mawili na hukataa kujumlisha selsiasi na selsiasi.

Na saa? Mteja akiandika saa mbili? (Kijenge, Arusha)

Muulize asubuhi au usiku, kisha hifadhi 08:00 au 20:00. Angalia tu usiangukie kosa la mwenzako wa Usa River: "saa mbili" ya miadi inasogezwa kwa sita, lakini safari ya saa mbili hadi Moshi ni dakika 120 na haisogezwi popote. Zipe aina mbili tofauti kwenye programu.